Rambirambi za Mtu Aliye Hai

Kota za jeshi, Mbeya
6 Mei 2024

Wifi yangu Tulinagwe,

Ugonile. Sisi huku hatujambo, mimi na mtoto wetu Kisa. Barua hii amekuja nayo mdogo wako mwenyewe, mume wangu Gwamaka. Nimeificha begini chini ya taulo ili asiisome njiani, maana namjua.

Amepewa likizo. Kazi ya kufundisha kuruta kupiga mizinga imemchosha, miaka yote hiyo mlio ule ule masikioni. Nikaona bora aje huko Lyulilo, kwenye nyumba aliyokulia, kuliko kukaa hapa kota ambapo kila mara kuna mtu anagonga mlango.

Nakuomba mambo machache, wifi, wala usinihoji sana. Mwache alale anavyotaka, hata mchana. Jua likiwa kali akae ndani. Redio ya sauti kubwa hapana. Simu asishike, mwanga wake unamuumiza macho, ndiyo maana nakuandikia kwenye karatasi, na yeye nimemwambia aniandikie hivyo hivyo. Barua mpe Jubilate wa bodaboda azifikishe stendi ya Kyela. Kondakta wa basi la asubuhi ananifahamu, ataniletea. Akikuuliza jambo mara mbili, mjibu mara mbili, usimcheke. Akikasirika ghafla, mpishe, hasira zitashuka zenyewe.

Ni uchovu tu. Akila samaki na akisikia lugha yenu ya Kikisi atakaa sawa.

Wifi yako,
Elizabeth

*

Lyulilo
14 Mei 2024

Wifi Eliza,

Barua nimeiona. Taulo lilikuwa limesokotwa ndani ya sufuria, na sufuria ndani ya begi. Mwanajeshi gani anasafiri na sufuria? Nimemuuliza, akasema wewe ndiye uliyefunga mizigo. Haya, kama ni wewe, sufuria imefika salama.

Usinipigie, sina simu tena. Juzi asubuhi ililia akiwa amekaa karibu nayo anakunywa chai. Akaichukua taratibu, wala hakuwa na hasira, akaitumbukiza kwenye mtungi wa maji ya kunywa, akafunika mtungi, akaendelea na chai yake. Wifi, nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje! Yeye akaniangalia, akaniuliza, "Dada, kwani kuna nini?" Nikakumbuka uliyoandika, nikaufunga mdomo. Unaujua mdomo wangu, kuufunga ni kazi ya kutwa nzima.

Na kuna jingine. Jana alitaka kasia atoke kidogo na mtumbwi. Akasimama mlangoni, mkono ameunyoosha, "Nipe kile... kile cha kusukumia maji." Mtoto aliyekua juu ya mtumbwi! Nikamcheka, samahani, ilinitoka. Akaingia ndani, akalala mpaka jioni bila kula.

Mengine ni mazuri. Anakula vizuri. Ananisaidia kukanyaga udongo wa vyungu, na hiyo anaifanya bila kukosea, maana miguu haijasahau. Huku jirani yetu Andrea ni mgonjwa sana, presha imempanda, wamempeleka hospitali. Sijui kama unawakumbuka, ni wale ndugu wawili, Andrea na Ambilikile, nyumba zao zimegusana hapo nyuma ya soko. Wanafanana hata mama yao alikuwa anaita jina moja wanaitika wawili. Tuombe Mungu.

Sasa niambie, wifi. Likizo gani hii mtu anakatazwa redio na jua?

Dada yako,
Tulinagwe

*

Lyulilo
22 Mei 2024

Mama Kisa,

Salamu toka ufukweni. Niko imara! Nakula wali mpya na samaki mpaka mkanda unagoma. Naomba unitumie viatu vyangu vya mazoezi, nataka kukimbia asubuhi, nisije nikaenda kozi na kitambi kuruta wakanicheka.

Kichwa ni kizuri. Kinauma kidogo jua likipanda, basi. Usimwambie mtu. Uliniapia, Eliza, na nakukumbusha. Majina ya kozi ya kupanda cheo yakitoka na langu limo, halafu wakasikia habari za yule daktari wako wa mjini, jina litafutwa siku hiyo hiyo. Kota tutahama. Na mimi nitakuwa nani? Mwalimu wa mizinga asiyeruhusiwa kusikia mzinga! Hata dada usimwambie. Dada akijua, soko zima limejua.

Huku tumepata msiba. Ambilikile amefariki, yule aliyenifundisha kuogelea nikiwa mdogo. Nimeumia sana. Nimechimba kaburi na wenzangu, unajua kwetu mwanamume asiyeshika jembe msibani hahesabiwi kuwa mtu. Lakini ngoma zilipoanza nikashindwa. Kila pigo lilikuwa linaingia hapa nyuma ya jicho. Nikaondoka kabla ya maombi, nikaenda ziwani nikakaa majini mpaka shingoni, hapo nikapata nafuu. Najua wameniangalia vibaya. Wiki ijayo nitampelekea mjane rambirambi zangu na kumwomba radhi, maana kuondoka vile si heshima.

Kisa anasomaje? Mwambie baba yake yuko imara. Naomba pia unitumie viatu vya mazoezi, nataka kukimbia asubuhi.

Mumeo,
Sajenti Gwamaka

*

Lyulilo
30 Mei 2024

Wifi,

Kaa chini kwanza ndipo usome.

Andrea alifariki, tukamzika wiki iliyopita. Mdogo wangu alichimba kaburi lake, nilimwona kwa macho yangu mwenyewe, jasho mpaka miguuni. Katikati ya mazishi akaondoka ameziba masikio. Watu wakanong'ona, mimi nikamtetea, nikasema tumbo limemshika.

Jana akavaa shati jeupe, akakata mkungu wa ndizi shambani kwangu, akaubeba begani. Nikamwuliza unakwenda wapi, akasema kumpa pole mjane. Nikafurahi! Nikajua sasa ataondoa aibu ile. Nikarudi kwenye vyungu vyangu.

Wifi, hakwenda kwa mjane wa Andrea. Alikwenda nyumba ya pili, kwa Naomi, mke wa Ambilikile. Ambilikile yu hai, alikuwa ziwani tangu alfajiri. Naomi anatwanga, anamwona mwanajeshi anaingia uani na mkungu wa ndizi, anaushusha, anakaa chini kwenye vumbi, analia machozi. "Ndaga mama, pole sana kwa Ambilikile. Alikuwa kama kaka yangu." Wewe ungefikiri nini? Mumeo yuko majini, na mtu mzima anakuja kukaa chini kukulilia! Naomi akajua habari imetoka ziwani. Akatupa mchi, akapiga yowe. Yowe likapokelewa nyumba kwa nyumba mpaka sokoni, wanawake tukatoka mbio, mimi na udongo mikononi, wengine wameshajifunga kanga kiunoni kwa msiba. Nililia na mimi! Nilimlilia Ambilikile mbele ya mlango wake.

Tuko hapo tunagaragara, Ambilikile mwenyewe akatokea njia ya ufukweni na kamba ya samaki mkononi.

Hakuna aliyecheka. Ungedhani watu watacheka, si ndivyo? Nilitegemea mtu mmoja angalau acheke. Ambilikile akawa anatuangalia mmoja mmoja. Akauliza nani kafa. Mdogo wangu ndiye aliyesimama, uso umembadilika, akasema, "Lakini mimi nimekuzika." Mungu wangu, alisema hivyo mbele ya watu wote!

Nimemvuta mkono tukarudi nyumbani. Njiani nikamwambia ni Andrea, umemzika Andrea. Akasimama akafikiri, akasema ndiyo, Andrea, kweli. Akalia kwa aibu kama mtoto. Leo asubuhi ameniuliza kwa nini Naomi hakujibu salamu yake.

Sasa wanasema aliondoka mazishini kwa kuwa alijua msiba wa kweli bado. Wanasema jeshini wanafundishwa mambo. Kwetu huku hakuna anayempa mtu pole ya mtu aliye hai, hata kwa mzaha, hata mlevi hafanyi, maana ni kumwitia kifo. Wifi, huyu si mchovu. Mimi ni dada yake, nimembeba mgongoni. Niambie ana nini, ili nipate cha kuwaambia watu.

Tulinagwe

*

Kota za jeshi, Mbeya
4 Juni 2024

Wifi yangu,

Nimesoma barua yako na nimesikitika mno. Mfikishie Naomi pole zangu kwa usumbufu ule.

Lakini tusilikuze jambo. Mtu akichoka anachanganya majina, hata mimi jana nimemwita Kisa kwa jina la paka. Na wewe mwenyewe umesema ndugu hao wanafanana. Mwambie Ambilikile ni bahati mbaya, mcheke pamoja yaishe. Gwamaka ni mchovu, basi. Usimpeleke popote, usiite mtu wa kumwombea wala wa kumtazama, na tafadhali sana usimwambie mtu mambo ya redio, jua na simu.

Majina ya kozi yametoka. La kwake limo, la pili kutoka juu. Atakwenda mwezi wa nane. Vumilia kidogo, wifi, mpaka hapo.

Viatu vyake vya mazoezi nimempa kondakta. Aliviomba mara mbili.

Elizabeth

*

Lyulilo
11 Juni 2024

Elizabeth,

Leo sikuiti wifi.

Tucheke pamoja? Njoo ucheke wewe. Ambilikile ameuvuta mtumbwi wake mpaka uani, ameufunika kwa majani ya migomba, haendi tena ziwani. Anaogopa maji aliyoogelea tangu hajaota meno. Halafu akaanza kuogopa chakula. Akipikiwa na Naomi hali, akiletewa na mama mkwe hali. Anakula ndizi anazomenya mwenyewe. Ile siku alirudi na samaki akiwa na mwili wake mzima, leo nimepita nimemwona mashavu yameingia ndani. Nimemsalimia, hakuitikia. Alinitazama mikono, kuona nimebeba nini.

Mimi nimetengwa. Huku wanawake tunachoma vyungu pamoja, kila mmoja analeta vyake, tunapanga, tunafunika nyasi, tunawasha moto mmoja. Alhamisi nimefika na vyangu, wakasema, "Tulinagwe, vyako utachoma kwako." Wenzangu niliozaa nao na kuzika nao! Nimechoma peke yangu, moto mdogo, vingi vimepasuka. Sijali vyungu. Nimelia kwa neno lile.

Jumapili wanaume watatu walikuja baada ya ibada kumwuliza mdogo wangu kwa upole kabisa, alikusudia nini. Hakumbuki! Anasema hajafika kwa Naomi tangu aje. Wao wakaona anawafanya wajinga. Mmoja akainua sauti, na wewe uliniambia sauti kubwa anaichukia. Gwamaka alimkaba koo, Elizabeth. Ilikuwa haraka sana, sikuona hata aliposimama. Nimemng'oa vidole kimoja kimoja. Yule mtu alipopata pumzi akasema polepole, kila mtu akasikia: "Ambilikile akifa, tunaujua mlango wa kugonga."

Na sasa wanamzungumzia Ambilikile apelekwe kwa mganga, huko juu milimani, akanywe dawa ya kukinga. Naomi hataki, ni mwanakwaya, lakini ndugu wanataka.

Jina la pili kutoka juu, umeniandikia. Mimi nitalifanyia nini hilo jina? Kuna kitu unakijua. Nakiona katika kila mstari unaoniandikia, unakizunguka kama mtu anayekwepa shimo. Kama unampenda mumeo, sema. Kama humpendi, sema pia, nijue niko peke yangu.

Tulinagwe

*

Kota za jeshi, Mbeya
15 Juni 2024

Dada Tulinagwe,

Nisamehe. Barua hii soma mara moja halafu nenda kwa Ambilikile leo leo, usingoje kesho.

Mwezi wa kwanza, uwanja wa mazoezi, bomu lililipuka mapema karibu na mdomo wa mzinga. Hakuna aliyeumia. Ndivyo walivyoandika, na ndivyo ilivyoonekana. Gwamaka alirushwa chini, akasimama, akajipangusa vumbi, akamaliza somo. Hakutoka hata tone la damu. Jioni akaingia nyumbani akanisalimia, akaenda kuoga, akatoka akanisalimia upya, "Habari za kutwa, Mama Kisa?" Nikadhani ananitania.

Baadaye yakaja hayo unayoyaona. Maneno yanampotea. Taa inamuumiza. Hasira zinakuja bila sababu na zinaondoka bila yeye kujua zilikuja. Usingizi hapati, akiupata haamki. Nikampeleka kwa daktari mjini, kwa siri, kambini wasijue. Picha ya kichwa ikatoka safi kabisa! Nilifurahi, dada. Daktari akaniambia picha safi haina maana kwamba hakuna kitu. Ubongo umetikiswa. Na si siku ile tu, kila mzinga aliousimamia miaka yote ulikuwa unamtikisa kidogo, huu wa mwisho umekuta nyumba ina nyufa. Ya zamani atayakumbuka vizuri, mapya ndiyo hayatakaa. Watu wanaofanana atawachanganya. Akasema wengi wanapona wakipumzika kwa miezi, mradi wasipatwe na mlio mwingine. Akataka aandike barua jeshini apewe kazi ya mezani.

Gwamaka akakataa, akaniapisha kwa kichwa cha mtoto wetu. Na mimi, nikuambie ukweli wote, nilikubali upesi. Niliiona kota, shule ya Kisa, cheo kipya, nikaona afadhali tufiche mpaka apone. Nikakutupia wewe mzigo bila kukuambia ndani kuna nini. Nilijua hali imezidi tangu uliponiandikia ya sufuria, maana sufuria hakufunga mtu mwingine, alifunga yeye.

Mwambie Ambilikile hakuna laana, hakuna uchawi, hakuna aliyemzika. Ni kichwa kilichopigwa na mshindo. Mwambie ale. Mwambie asinywe dawa yoyote ya mganga.

Leo naenda kumweleza mkubwa wake kila kitu, jina walifute. Nikimaliza huko naomba ruhusa kazini, naja kumchukua. Nitapanda basi la asubuhi Jumatano, nitashuka stendi ya Kyela.

Mdogo wako,
Elizabeth

*

Lyulilo
19 Juni 2024

Wifi,

Nampa Jubilate barua hii akungojee nayo stendi. Usipande gari lolote la kuja huku kabla ya kuisoma.

Barua yako ilinifikia jana jioni. Nilikimbia nayo bila viatu. Naomi akanipokea mlangoni akaniambia ndugu walimpandisha mlimani siku moja kabla. Amekunywa. Walimrudisha wamembeba, anatapika na kuharisha, macho yamezama. Nikaingia hata hivyo, hakuna aliyenizuia, walishachoka. Nikakaa karibu yake nikamwambia yote uliyoandika, mzinga, kichwa, daktari, picha safi. Alinisikiliza. Akili zake zilikuwa nzima, wifi. Akaniambia, "Kumbe ni hilo tu?" Akacheka kidogo, ndiye mtu wa kwanza kucheka tangu siku ile. Akasema, "Mwambie Gwamaka aje tuvue." Nikamwinua nikamnywesha uji, akaunywa wote, wa mkononi mwangu. Tukaagiza gari limpeleke hospitali.

Gari halikuwahi. Ambilikile amefariki leo asubuhi.

Sitakulaumu kwenye karatasi, muda hakuna. Lakini ungeniambia mwezi wa tano, yule mtu angekuwa ziwani saa hizi.

Nimewaeleza wengine. Nimesimama uani kwa Naomi nikasema ni ugonjwa wa kichwa, wa mizinga. Wakaniuliza kidonda kiko wapi. Nikasema hakuna kidonda. Wakaniuliza mbona anakanyaga udongo vizuri, mbona anasalimia vizuri, mbona anakula vizuri, kichwa gani hicho kinachosahau pale panapomfaa tu? Naomi peke yake ndiye aliyenisikia, lakini Naomi leo ni mjane, nani atamsikiliza? Na mwenyekiti wa kitongoji ni mjomba wa kina Ambilikile.

Wanachimba kaburi sasa. Nawajua watu wetu, mpaka wazike hawatafanya kitu. Wakishazika watakuja. Jubilate amekubali kubeba barua, kumbeba Gwamaka amekataa, na simlaumu, anaishi hapa. Wenye mitumbwi wote wako msibani. Kwa hiyo naondoka peke yangu kwa miguu, maana yeye atamsalimia kila tutakayekutana naye, nipitie nyuma ya mashamba mpaka barabarani, nitapita polisi Kyela, na nitatafuta gari la mtu asiyetujua. Tukutane stendi tuje wote gari moja, tumtoe moja kwa moja.

Nimemweleza mdogo wangu. Nimemwambia Ambilikile amefariki, watu wana hasira na wewe, kaa ndani, usitoke, usimwitikie mtu mpaka usikie sauti yangu. Nimemfanya arudie kama kuruta. Amerudia vizuri kabisa, neno kwa neno, ameshika mikono yangu, amelia. Alikuwa Gwamaka wetu wa zamani, wifi, nikapata matumaini. Nimefunga mlango kwa kufuli kwa nje, waone hakuna mtu.

Nakuja. Usiondoke hapo stendi.

Tulinagwe

*

Lyulilo
Juni, tarehe sina hakika

Mama Kisa mpenzi,

Habari za huko? Mimi niko imara. Viatu vimefika, ndaga sana! Nimevikuta chini ya kitanda asubuhi hii, nimefurahi, sikujua kama umeshavituma.

Nimeamka usingizini sasa hivi, kichwa chepesi kuliko siku zote. Nadhani nakaribia kupona, Eliza. Kitu kimoja tu, dada hayupo na amenifungia kwa nje. Amesahau kama niko ndani! Siku hizi anasahau sana, umri huo, inabidi tumwangalie. Nilipoamka nilikuwa na neno moyoni, kama kitu nilichoagizwa, nimekaa kitandani nalitafuta, halikuja. Litakuja tu nikiacha kulitafuta.

Kuna vilio upande wa kina Ambilikile. Vimeanza kitambo, nadhani ndivyo vilivyoniamsha. Itakuwa ni Andrea, maana tangu nifike alikuwa na presha, maskini. Hakuna hata mtu aliyekuja kuniambia. Namwaza Ambilikile, wale hawajawahi kuachana hata wiki. Nikifika nitamtafuta yeye kwanza, nimshike mkono, nikae naye. Mtu wa jeshi anajua kukaa na aliyefiwa bila maneno mengi. Na ngoma zikinizidi safari hii sitaondoka, nitang'ata meno mpaka mwisho. Nakumbuka kuna mazishi fulani niliondoka, sijui yalikuwa ya nani, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Jembe limo humu ndani, limeegemezwa ukutani. Kilichobaki ni kutoka.

Nachungulia dirishani. Afadhali, wanaume wanakuja huku, wengi, naona na majembe na mapanga wamebeba, wametoka kuchimba bila shaka na wanakuja kuniita. Kumbe hawajanisahau. Yule wa mbele ananyoosha kidole kwenye mlango wetu. Nimewapungia mkono, wamesimama kidogo, sasa wanakuja tena.

Naishia hapa, nitamalizia nikirudi. Ngoja niwaite wavunje kufuli.

Mumeo,
Gwamaka